Meli Uliyoikosa Kemondo

Poznań, Poland

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Ya Tata, baba yetu, nimeiweka humu humu, umfikishie, na kama amelala usimwamshe kwa ajili ya shikamoo. Je, mmeamkaje huko Izigo? Macho ya Tata yanaendeleaje na zile dawa za matone? Na migomba ya upande wa bondeni, mnyauko umekoma baada ya kung'oa ile migonjwa? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo iliyopata mshtuko, na ndiyo maana leo nimeweka simu pembeni nikashika kalamu. Kwenye simu maneno yangu yanatoka kabla sijayapima, na wewe mwenyewe umeshayasikia.

Huku ni theluji tu. Kiwandani bado nafungasha matunda ya kugandishwa, saa nane kwa siku ndani ya baridi ya mashine, na nikitoka nje naipokea ya Mungu. Vidole vimepasuka, lakini nimeshazoea. Raha yangu ni kusoma kwenye tramu, asubuhi na jioni. Yule binti wa Kagondo anayesoma chuo hapa aliporudi kutoka likizo aliniletea kifurushi cha Adve: kahawa ya kutafuna, soksi, na riwaya tatu. Dada yangu alikuwa ameandika juu ya karatasi, "Soma zote, useme kweli." Basi nilijua kazi niliyopewa. Nyumbani kwako hakuna aliyefunga kitabu akanyamaza, hata kama chakula kilikuwa kinapoa.

Ya kwanza ni ya upelelezi. Muuaji nilimjua kabla tramu haijafika kituo cha nne, maana ndiye peke yake aliyekuwa mpole. Ya pili ni mapenzi ya matajiri. Watu wanalia kurasa mia mbili na hakuna hata mmoja anayeosha sahani! Mwandishi anajua kupanga maneno, lakini sidhani kama amewahi kumenya ndizi za watu wanane.

Ya tatu ilikuwa nyembamba, ya jalada la kijani, na jina la mwandishi sikuwahi kulisikia. Ni habari za mke wa kijijini, mwalimu, anayeishi chini ya mama mkwe mkali. Anapata nafasi ya chuo Mwanza, anakatazwa. Basi anafunga sanduku kwa siri ili aende asirudi, watoto wake wawili wamelala usingizi wa mchana. Hapo nilipandwa na hasira, nikamtumia Adve ujumbe wa sauti pale pale. Nilisema, "Huyu mwandishi hajui mama ni nini. Hata ng'ombe hamwachi ndama wake. Mwanamke huyo hana moyo, na aliyemwandika hana pia." Adve hakujibu. Nikadhani hana bando.

Kesho yake nikafika kwenye sura ya senene. Mama mkwe ni wa mila za zamani: wanawake wanachambua na kukaanga, wanaume wanakula. Yule mke anajificha nyuma ya mlango wa jikoni, anatia konzi nzima mdomoni. Mtoto wa miaka saba anamwona. Hambembelezi anyamaze. Anamtia senene wawili mdomoni, anamwambia, "Haya, sasa tumekula wote. Nenda kamwambie bibi yako."

Mama! Nilipiga kelele mpaka kikongwe aliyekaa karibu nami akahama kiti. Jambo hilo chini ya mbingu hii walilijua watu wawili tu, na mmoja ni mimi. Sikumwambia Adve, sikumwambia hata padri. Nilikifunga kitabu nikakitazama, nikaona sasa kuwa gundi yake na ukataji wake ni vya stationari ya Adve pale Kashai, anapochapa na kubandika vitabu vya watu. Mama yangu, aliyesahihisha daftari za watu kwa kalamu nyekundu miaka thelathini, ameandika riwaya! Halafu nikaukumbuka ujumbe wangu wa sauti.

Nilimpigia Adve. Akaniambia, "Kaka, alisikia. Nilikuwa Izigo, nikafungua kwa sauti kubwa tucheke wote. Aliinuka akachukua kisu chake akaenda shambani, hakurudi mpaka ndizi zikapoa. Ameniambia nisitoe nakala nyingine hata moja. Na daftari la pili alilokuwa ameanza kuandika amelifungia kabatini."

Nisamehe, Mama. Nimekuita mtu asiye na moyo, na sauti ni yangu, siwezi kusingizia mtandao.

Lakini ulitufundisha kusema kweli, nami sitasema nusu. Sura ya bandari ya Kemondo imeniumiza. Kila mwaka mpya Tata anasimama na bilauri yake ya pombe ya lubisi mbele ya wageni: "Mke wangu alifika bandarini na sanduku, akawakumbuka watoto, akageuza." Tumekua kwa hadithi hiyo. Nilipochapwa shuleni, nilipougua, nilijiambia kuwa mimi ni mtoto ambaye mama yake aligeuza. Sasa kitabu chako kinasema mwanamke alifika jioni akakuta gati tupu. Mlinzi anamwambia, "Waitu mama, meli imeshaondoka, rudi nyumbani." Nawe umeandika kwamba alirudi kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Mstari huo niliusoma mara nne. Siku mbili sikula vizuri, mwanaume mzima wa miaka thelathini na minane.

Siku ya tatu, nikiwa napanga maboksi, likanijia jambo la aibu. Mimi nilimwacha mke wangu Editha na mtoto pale Kashai, mwaka wa nne huu. Ndege sikuikosa. Wala hakuna aliyeniita mtu asiye na moyo, mlinichinjia mbuzi.

Nisalimie Adve na shemeji. Nisalimie shangazi wa Kagondo, mwambie goti lake nalikumbuka katika sala. Msalimie na jirani yetu katekista. Editha nimemwandikia barua yake. Tata kusomewa kitabu au kutosomewa, hilo ni lako, mimi mdomo wangu nimeufunga.

Sasa neno langu la mwisho. Ile meli moja uliikosa, nimekubali. Lakini nilikuwa na miaka saba, na mpaka namaliza shule hakuna wiki iliyopita bila meli kupita Kemondo. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, na njia uliijua. Hizo nyingine zote ulizikosaje, Mama? Sura hiyo kitabuni haimo. Fungua kabati uiandike, na uandike kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba si sisi tuliokubakisha.

Ni mimi mwanao ninayesubiri,
Projestus