Dagaa Juu ya Paneli

Mkolani, Jumanne, katikati ya Oktoba. Jua kali tangu saa mbili, hakuna wingu. Huu ni mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Nansio, kisiwani kwetu, baada ya ukoo kusema mimi ndiye niliyemloga kaka yangu aliyezama ziwani. Nilivuka ziwa na sanduku moja la vitabu.

Mdogo wangu Veronika hakuwaamini. Amefariki jana alfajiri.

Alikuwa na kisukari. Mwaka jana nilimtumia friji ndogo ya kuhifadhi insulini, betri na paneli moja ya sola. Fundi alitaka kuipandisha kwenye bati. Nilikataa kwa simu: ikae uani, kwenye fremu ya kufika kiunoni, ili Veronika aifute vumbi bila kupanda ngazi. Nilijiona mwenye akili.

Sikufikiria dagaa.

Kwetu kitu chochote bapa, kikavu, kilichoinuka kutoka mchangani, ni kichanja cha kuanikia dagaa. Mwezi Agosti Veronika aliniambia mwenyewe: "Kaka, nimeanika nusu ya chini tu. Ya juu nimeuachia umeme wako. Jua si ni moja? Kila mtu achukue lake."

Nikacheka. Nilidhani ananitania, maana ndiyo ilikuwa kazi yake.

Nimefundisha fizikia miaka thelathini. Seli za paneli zimeungwa moja baada ya nyingine, kama watu wanaopokezana ndoo kutoka ziwani. Mmoja akisimama, mwisho wa mstari hapafiki maji. Ukifunika nusu ya chini, si kwamba unabaki na nusu ya umeme. Unaweza kuukosa karibu wote.

Mwana wa Veronika, Deus, alinipigia leo asubuhi. "Shikamoo mjomba." Niliitikia, halafu, Mungu anisamehe, swali langu la kwanza likawa betri.

"Taa yake ni nyekundu tangu Agosti, mjomba. Mama alisema tusikwambie, utamgombeza kama mwanafunzi wako."

Daktari amemwambia Deus kwamba insulini ilikaa kwenye joto muda mrefu, ikaisha nguvu. Veronika alikuwa akijichoma kila siku, bila kukosa.

Meli inachukua saa tatu hivi. Ile paneli ningeielewa kwa kuitazama mara moja. Badala yake nilifundisha kwa simu mwaka mzima, nikijiambia kwamba ukoo ndio ulionifungia njia. Wazee walionishtaki wamekufa wote. Hilo nalo Veronika aliniambia, zaidi ya mara moja.

Mazishi ni kesho saa nane mchana. "Njoo, mjomba," Deus amesema. "Nani atakugusa?"

Hakuna, najua. Waliponishtaki kwa uongo niliondoka kichwa juu. Kesho hakuna atakayenishtaki, lakini nikienda, kaburini nitasimama nikiwa na hatia.

Nimemwambia Deus aipandishe paneli kwenye bati.

Sitarudi Nansio.