Kombe la Saidi

Jumatano, Machi 1995. Joto la kaskazi leo halina haya, na kichwa changu kimevurugika hata sijui nianzie wapi.

Nianze na neno dawa, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Tangu magazeti yaandike kwamba Saidi, mtoto wa jirani yangu Bi Zuhura, amepatikana na dawa mwilini baada ya zile mbio zake za ng'ambo, mji mzima unasema neno moja na kila mtu ana maana yake. Hapa Kibokoni wengine walidhani ameingia kwenye unga, kama wale vijana wanaosinzia vichochoroni, wakaanza kuingiza viatu ndani visije vikaibwa. Bibi mmoja alikuja na machungwa kumtazama mgonjwa. "Nasikia Saidi yuatumia dawa. Maskini, aumwa na nini?" Nilicheka mpaka machozi. Bi Zuhura hakucheka.

Dukani kwetu Biashara Street ndiyo usiseme. Wanawake wanamhukumu Saidi kabla hata hawajaulizia bei ya kanga. Wale wale waliompokea kwa vigelegele mwaka jana sasa wanasema, ah, mimi tangu zamani nilishuku, mbio gani zile! Madereva wa malori wa Shimanzi nao wakija kununulia wake zao, wanaapa kuwa anaonewa kwa sababu ni mtu wa pwani. Na mimi? Nimekubaliana na kila mtu, kulingana na aliyekuwa mbele yangu. Hiyo ndiyo kweli.

Wakubwa wa riadha wamemfungia asikimbie, naye amekwenda mahakamani kupinga. Akishindwa, basi, mbio kwake zimekwisha.

Leo ilikuwa zamu ya Bi Zuhura kueleza mwanawe alikula nini na kunywa nini alipokuwa nyumbani kabla ya kusafiri. Nikaomba ruhusa kwa tajiri wangu, nikamsindikiza. Alivaa buibui lake jipya la Idi.

Wakili wa upande wa pili alimuuliza, "Mama, ulimpa mwanao dawa?"

"Nilimpa. Kwa mkono wangu huu."

Lahaula! Mahakama yote ikavuma. Wakili wa Saidi, kijana wa Kibohora mwenye sauti laini, akashika kichwa.

"Dawa gani, Mama?" yule wa upande wa pili akaendelea.

"Kombe."

Mkalimani, ambaye si mtu wa huku, akamwambia jaji kwamba mama alimpa mwanawe kikombe cha ushindi. Jaji akataka kujua ni cha mashindano gani. Watu wakaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Bi Zuhura akawaeleza taratibu, kama anayesomesha watoto. Mwalimu wa chuo cha Kurani huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi, na mwenye haja akayanywa. Alimpa Saidi ili asiingiwe na hofu ugenini na jicho la watu lisimpate.

"Na ndani yake mlitia nini kingine?" akauliza yule yule wakili.

"Sijui, mwanangu. Mimi nililetewa na mwalimu likiwa tayari."

Hapo wakili wa Saidi akainuka, uso umemng'aa. Hata mimi nisiyesoma sheria nilielewa. Saidi akikubali tu kwamba alilinywa, basi atasema hakujua alichopewa, na huenda akaachiwa. Lawama itakwenda kwa mamake, na kwa mwalimu, na kwa zile aya zenyewe. Waandishi wa magazeti walikuwa wameshachomoa kalamu.

Saidi akarudishwa kizimbani. Wakamkumbusha kwamba ameapa kwa msahafu.

"Hilo kombe, ulilinywa?" wakili wake akamuuliza.

Saidi akamtazama mamake.

"Sikulinywa. Nililimwaga."

Wakili wake alikaa chini bila kuuliza jingine. Nje ilikuwa kelele tupu. Huyu anasema afadhali, ameistiri dini. Yule anasema mjinga huyo, amefunguliwa mlango akaufunga mwenyewe. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, mtoto gani huyo wa kumwaga kombe la mamake, na Bi Zuhura alimsikia. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Kumbe alilimwaga."

Lakini mimi nilimwona akilinywa.

Siku ile nilikuwa nimekwenda kurudisha mbuzi yao ya kukunia nazi. Bi Zuhura alimpa Saidi sahani, akaingia ndani kuswali adhuhuri. Saidi yuko uani, akapiga bismillahi, akalinywa lote, hata likamdondokea kwenye fulana. Akaona ninavyomkodolea macho, akacheka. "Usinitie jicho, dada Maimuna."

Kwa hivyo leo ameapa na akaongopa, ili mamake asichafuliwe. Pale mahakamani nilipofahamu alichofanya nilitaka kulia kwa kumpenda yule kijana. Kisha nikakumbuka uso wake ulivyokuwa mkavu, na sauti haikutetemeka. Siku ya kwanza ya kesi alisimama pale pale, kwa sauti ile ile, akasema hajagusa dawa maishani mwake. Na mimi nilimwamini kwa sababu ya ile sauti.

Sasa nimwamini kwa lipi?

Baada ya magharibi Bi Zuhura alinijia na ile sahani ya kombe, akaiweka mapajani. Macho yamemvimba.

"Maimuna mwanangu, wewe si ulikuwepo uani siku ile? Niambie kweli. Alilinywa au alilimwaga?"

Nikimwambia alilinywa, roho yake itatulia, na kesho alfajiri atakuwa mlangoni pa mahakama kumtafuta jaji. Namjua, hawezi kulala na jambo. Saidi atajulikana mbele ya mji mzima kuwa aliongopa juu ya msahafu, na hapo nani atamsikiliza tena? Nikinyamaza, atabaki akiamini kwamba mwanawe aliidharau dua yake akaitupa.

"Sikuangalia, Bi Zuhura," nikamwambia.

Akanitazama. Akasema, "Haya," akaiacha sahani mezani kwangu. "Kaa nayo wewe. Mimi sina kazi nayo tena."

Sahani iko hapa karibu na mkono ninapoandika. Nataka kumchukia Saidi, nashindwa. Nataka kumwamini, nashindwa pia. Kesho asubuhi nitapita mlangoni pa Bi Zuhura nimwamkie, kama kila siku, naye ataniitikia.

Kinachonitisha ni kwamba sauti yangu nayo haikutetemeka.