Mama, Ile Sauti Yako Kavu

Mpendwa mama,

Shikamoo. Kazi niliyopata huku Kinondoni ungeicheka: natia sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni. Maandishi yanakuja kwa Kiingereza, na kando ya kila mstari wameandika utamkwe vipi. Wenzetu wana maneno chungu nzima ya kusema bila kuonyesha hisia! "Flatly" ni sauti iliyolala, haipandi wala haishuki. "Coldly" ni ya mtu aliyekwisha kukutoa moyoni. "Evenly" ni ya anayepima pumzi yake isije ikamtoroka. Kwetu Chang'ombe hatukuwa na subira ya kutofautisha hivyo.

Asubuhi ile ulirudi kutoka hospitali, ukasimama mlangoni. "Baba yenu amefariki. Nendeni mkaoge, wageni wanakuja." Kisha ukaanza kutoa viti nje. Msibani wanawake walilia mpaka wakashikiliwa, wewe unauliza kama sukari inatosha. Shangazi hakujificha: "Mwoneni macho makavu, hata chozi la uongo hana!" Mdogo wangu Eliya alikuwa mapajani kwake. Alikua na maneno yale, na mpaka tunakuzika aliamini hukumpenda baba. Mie nilimbishia, lakini sikuwa na ushahidi.

Juzi nikapewa sehemu ya mama anayewapa wanawe habari ya msiba. Kando imeandikwa "flatly". Nikasoma. Fundi wa sauti akanikatiza, "Sista, unalia. Rudia." Nikarudia, akakataa. Nikaudhika, nikaamua kusema kama wewe. Mama, sauti ile ni nzito jamani! Meno yaliumana, mkono ukang'ang'ania meza, na mstari ulipokwisha nilikuwa sijavuta pumzi. Fundi akafurahi, "Hapo sasa!" Ilibidi nikae chini.

Na wewe uliishika sauti hiyo wiki nzima ya matanga, huku unapika. Nimekuonea uchungu, mama, na shangazi nimemkasirikia upya ingawa amezeeka.

Jioni nilimpigia Eliya, nikamweleza yote. Akauliza, "Sasa dada, yeye alikuwaga analilia wapi?"

Vyumba vilikuwa viwili, na sisi tulijaa kote.

Huko uliko hakuna mtoto wa kumkazia sauti. Lia, mama. Lia hata kwa kelele.

Binti yako wa kwanza