Trei ya Kituo cha Juu

Jumamosi, 3 Machi
Mpwa wangu kaja na wavu, trei mbili nyeupe na buti za mpira. Ofisi ya maji imemtuma apime afya ya kijito chetu. Nilidhani atakuja na mashine. Kumbe anahesabu wadudu! Anapindua mawe, anakinga wavu, anamwaga kwenye trei. Wale wa mikia mitatu wakiwepo, maji ni mazima. Ikibaki minyoo myekundu peke yake, maji yanaumwa. Wadudu hawadanganyi, anasema.

Nikamwambia mbele ya fundi baiskeli: kijito hiki nakijua nje ndani. Mwaka wa mafuriko nilikivuka na mbuzi mmoja mgongoni, wa pili nimeuma kamba yake kwa meno. Fundi akauliza, mwaka jana si alikuwa mbuzi mmoja? Mbuzi huzaa, nikamjibu.

Nimeapa kwamba kule juu, penye mwamba, wadudu wanasukumana kwa wingi. Mpwa akacheka. Basi mjomba, kesho kituo cha kupimia cha juu ni chako, mimi nashika cha chini.

Jumapili, 4 Machi
Nimepindua mawe hamsini. Haya, ishirini. Trei nyeupe kama sahani iliyooshwa! Minyoo myekundu miwili, basi. Na kimya. Hata chura hakuna. Kaa mmoja kalala chali. Nilimgusa kwa kijiti, mguu ukabaki kwenye kijiti.

Halafu nikasikia mluzi wa fundi, anateremka na njia. Angenicheka mpaka nizikwe! Nikakamata kopo, mbio hadi chemchemi ya nyuma ya kilima. Kule wa mikia mitatu ni tele. Nikawamwaga kwenye trei. Si maji ya kilima kimoja?

Mpwa alihesabu mara mbili. Thelathini na wanane! Akanikumbatia. Yeye chini kapata tisa tu. Nikatia sahihi kwenye fomu — sahihi yangu inaipita ya mkuu wake.

Jumatano, 7 Machi
Kumbe wanatafuta pa kuzamisha bomba la kuvuta maji! Maji yatakwenda nyumba zote za mtaa wa chini, ya dada yangu ya kwanza. Mwanzoni walitaka kituo cha chini. Sasa wamechagua cha juu. Kwa trei yangu.

Nikauliza kijanja, kwani hampimi kwa dawa? Mpwa akasema chupa za maji ziko maabara, majibu ni miezi miwili, mkuu hataki kungoja. Wadudu wametosha.

Jumanne, 13 Machi
Nimepanda juu ya mwamba peke yangu. Mapipa manne ya bluu, yamefukiwa nusu. Moja limepasuka ubavuni. Limechorwa fuvu. Maandishi sikuyasoma — yamefutika, si kwamba sijui kusoma. Nyasi zimekuwa njano kuanzia pale mpaka majini. Niligusa kwa kidole, bado kinawasha.

Leo namwambia.

Jumanne hiyo hiyo, jioni
Sikumwambia. Nilimkuta anamsomea mama yake barua: kaajiriwa moja kwa moja. Dada analia. Mpwa akasema, bila mjomba nisingeipata. Na dada, ambaye hajanisifu tangu tuzaliwe, akasema: kaka, leo umetufaa. Nikajiona mrefu kama mlingoti. Habari ya mapipa nikaimeza na ugali.

Ijumaa, 23 Machi
Bomba limezamishwa, maji yamefika uani kwa dada. Nilimdokeza mpwa nusu nusu: mwanangu, yale maji ya juu, ningekuwa wewe ningesubiri kidogo. Akacheka. Mjomba, wewe uliyekunywa maji ya mafuriko kwa kofia? Hadithi yangu mwenyewe!

Ndoo ya majaribio ilipojaa, mbwa wa fundi aliinusa. Akarudi nyuma, mkia kaufyata. Fundi akasema, hata mbwa anamngoja mgeni rasmi. Wote wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Jumamosi, 24 Machi, saa nne asubuhi
Naandika chumbani kwa dada, mgongo mlangoni. Uani viti vimejaa. Mkuu wa ofisi kafika na tai. Mpwa wangu kasimama kwenye bomba na glasi mbili. Ya kwanza yangu — heshima ya mjomba aliyegundua maji. Ya pili yake.

Nimechungulia dirishani. Maji yanang'aa! Hayana rangi, hayana takataka. Laiti yangekuwa meusi.

Nikisema, kazi yake imekwisha leo hii, mbele ya mkuu wake, na mimi sina uso tena mtaani. Nikinywa, naye atakunywa. Kisha dada. Kisha mtaa mzima, kila siku. Mimi nina tumbo la chuma, nishawaambia watu mara ngapi. Yeye hana.

Fundi anapaza sauti, toka bwana, au umetufia humo ndani? Vicheko. Dada anagonga: kaka, usinitie aibu, wakubwa wanangoja. Nimemwambia nakuja, navaa shati. Shati nimelivaa tangu alfajiri.

Sasa namsikia mpwa: mjomba akichelewa, naanza mimi! Wanapiga makofi. Maji yanaanguka kwenye glasi, nayasikia mpaka huku. Nimeita jina lake mara moja, kwa sauti ndogo. Hakusikia. Dada kashika kitasa upande wa pili, anasukuma, na mimi bado nimeuegemea mlango, naandika.