Joto la Maofisini

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, goti bado linamsumbua, ila ulimi ni mzima. Mimi ningali fundi viyoyozi hospitalini. Juzijuzi niliomba tupunguze baridi maofisini na kuzima viyoyozi kwenye vyumba visivyo na watu, maana umeme ukikatika jenereta lilikuwa linazidiwa. Mganga mkuu akacheka: "Fundi, unataka tuive?" Lakini alikubali, akavua koti.

Wiki hii umeme ulikatika kutwa nzima. Jenereta lilihimili, na mashine zinazowapa joto watoto njiti hazikuzima hata mara moja.

Nakueleza haya kwa sababu binti yako alikuwa ndani ya mojawapo. Mkeo alijifungua kabla ya wakati, akanisihi: "Wifi, usimwambie mpaka tuwe na uhakika." Sasa uhakika upo. Mtoto ananyonya, na daktari ametabasamu.

Walikuwa pacha, mdogo wangu. Wa kiume alifariki siku ile ile waliyozaliwa, na hakuna mashine ambayo ingemsaidia.

Mkeo hajalia bado. Nadhani anakusubiri wewe. Omba ruhusa kazini, uje.

Dada yako