Mafuta ya Kivumbasi

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wifi. Natumaini barua hii itawakuta mmeamka salama. Hapa watoto hawajambo, wanakula kama mchwa. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechoka.

Umeniomba mafuta ya kivumbasi. Umesema wifi ameacha kwenda hospitali kutibiwa ule uvimbe wa titi, kwani kama mafuta yamemponya Baba, naye yatamponya. Niliposoma hapo niliusoma ujumbe wako tena. Nilitaka kukupigia simu, nikaona heri nikuandikie yote.

Kivumbasi nakichuma mwenyewe porini, nyuma ya kiwanda cha matofali. Nakichemsha, mvuke unapita kwenye mrija uliozama ndani ya maji baridi, mafuta yanatoka kidogokidogo. Gunia zima halijazi kikombe. Ni dawa, sikatai. Yanafukuza mbu, yanazibua pua, yanasaidia mchubuko usioze. Lakini kidonda cha Baba hakikuwa mchubuko. Daktari alisema ni saratani, mguu ukatwe mapema. Baba akacheka, akauliza fundi cherehani wa mguu mmoja atakanyaga nini. Akakataa kurudi hospitali.

Kidonda kikaanza kunuka. Wateja wakawa wanaacha vitambaa mlangoni na kuondoka wameziba pua. Ndipo nikaanza kupaka mafuta juu ya bandeji. Chumba kikanukia, watu wakarudi kukaa na kupiga soga, naye akajiona amepona. Ulipokuja kututembelea alikupokea amesimama, ameshikilia cherehani, suruali imefunika kila kitu. Ulipotoka tu, alianguka. Nilitaka nikukimbilie kituoni, akanishika mkono. Akasema nisikutie wasiwasi, una mgonjwa wako wa kuuguza.

Kaka, Baba hakupona. Saratani imepanda hadi kwenye mapafu. Alipoanguka nilimrudisha hospitali, na daktari anasema sasa hata mguu ukikatwa haitasaidia. Kilichobaki ni dawa za maumivu.

Leo asubuhi nilimsomea ujumbe wako. Sijawahi kumwona Baba akilia. Alilia mpaka nikakosa mahali pa kuangalia, kisha akasema, "Mwandikie mwanangu leo hii. Mwambie nilikuwa nanukia tu. Sikupona."

Mafuta sikutumii. Mrudishe wifi hospitali kwanza, ndipo uje. Ukichelewa kumkuta Baba hai, usijilaumu. Baba mwenyewe ameagiza hivyo.

Mkumbatie wifi kwa niaba yangu, na mwambie namhitaji.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku