Mihogo Irudi Dirishani

Baba Gires,

Rudisha mihogo na vyungu vyake dirishani leo. Majani yamegeuka manjano kwa sababu umeifungia kabatini, haioni jua, na kila siku unaimwagilia. Udongo umelowa, mizizi itaoza. Acha kwanza ukauke.

Uliogopa jirani akiona majani yanavyofanana atadhani tunapanda bangi. Haya, alikuona ukiificha, na asubuhi akaita polisi! Nikawaambia ni sombe, majani ya muhogo, mboga yetu. Wakauliza, "Mbona mboga imefichwa kabatini?" Nikawasogezea chungu kimoja. Wakanusa majani, wakaondoka.

Maharage yako kwenye sufuria.

~~Funga pazia kidogo.~~ Hapana, fungua lote. Jirani atazame mpaka achoke.

Kule kwetu Uvira, wakati wa vita, tulijificha vya kutosha. Hapa ugenini Kilburn sifichi mboga.

Mama Gires